Gari la Kwanza Lisikimbie

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kando ya barabara ya Mingoyo–Masasi. Halmashauri imetuletea Land Cruiser hardtop iliyotumika. Ina machela moja na king'ora, basi. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho kimetuchangia shilingi milioni 12 tulitie vifaa, maana msimu uliopita lori lilipinduka na vibarua zaidi ya 20 waliokuwa wamekaa juu ya magunia, na tuliwabeba wawili wawili mpaka usiku. Sasa kamati inataka fundi achomelee vitanda vinne vya ghorofa humo ndani, na mwenyekiti ameona kwenye simu mashine ya kushtua moyo, ameing'ang'ania. Mimi naogopa fedha zitaisha na siku ya ajali tutajikuta palepale. Tuanzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye maneno "wawili wawili mpaka usiku". Kamati yako inaamini kosa la siku ile ni kwamba gari lilikuwa dogo, ndiyo maana wanataka kuliongezea vitanda. Mimi nasema kosa ni kwamba gari liliondoka.

Ajali ya watu 20 si ajali ya mtu mmoja iliyotokea mara 20. Ukiwa na majeruhi mmoja, wewe na dereva mnamtosha: mnampakia, mnakimbia, na hakuna atakayewalaumu. Wakishakuwa 20, mkikimbia na wawili mmewaacha 18 barabarani bila mtu hata mmoja anayejua nani anakufa sasa hivi na nani anaweza kungoja mpaka jioni. Na hao wawili mliwachaguaje? Sikuwepo, lakini nadhani najua: waliokuwa karibu na lami, au wenye ndugu wenye sauti kubwa.

Najua kwa sababu nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa bado kijana, hospitali moja huku Kusini, tukaitwa kwenye lori lililolala ubavu. Magunia yamepasuka, korosho zimetapakaa, ukikanyaga unateleza kama uko juu ya kokoto. Jamaa mmoja ameshika mkono uliovunjika, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama. Tukampakia yeye na mwenzake. Chini ya mkorosho alikaa mama mmoja, ameegemea shina, kanga ameitandaza mapajani, kimya. Nikampita. Nilidhani anapumzika. Tuliporudi baada ya saa 1 na dakika 40, kanga ilikuwa imelowa na mchanga chini yake umekuwa mweusi. Bati la ubavu wa lori lilikuwa limemchana paja. Yule wa mkono angeweza kukaa pale mpaka alfajiri, akapewa panadol na chai, na asipungukiwe kitu. Tangu siku ile, nikifika kwenye ajali nawatafuta kwanza walionyamaza. Anayepiga kelele anapumua, na ubongo wake unapata damu ya kutosha kukasirika.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao cha kamati lisiwe "tununue nini?" Liwe "gari likifika, nani anashuka na nani anabaki?" Jibu langu ni hili: gari la kwanza kufika lisiondoke na mgonjwa mpaka kazi tatu ziishe, yaani kutazama hatari, kupiga simu, na kuwapanga majeruhi. Mkiwa hodari ni robo saa. Kisha gari laweza kwenda, lakini muuguzi mmoja anabaki na sanduku la vifaa mpaka majeruhi wa mwisho aondoke. Maana yake gari halitoki kituoni na mhudumu mmoja. Wanatoka wawili, mbali na dereva. Kama zamu yenu ya usiku haina watu wawili wa kutoka, hilo ni pengo kubwa kuliko kifaa chochote mnachokosa, na milioni 12 hazilizibi kwa mashine. Linazibwa kwa kumfundisha dereva mwenyewe, mlinzi, na vijana wawili watatu wa bodaboda wanaokaa pale njiapanda. Hao huwa wamefika kabla yenu siku zote.

Kuhusu hatari sitasema mengi. Lori la korosho halilipuki, ila barabara ile ile hupita malori ya mafuta. Wote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019: watu walikuwa wanachota petroli kwenye lori lililopinduka ukatokea mlipuko, na zaidi ya 100 wakafa. Mkikuta mafuta yanamwagika, simamisheni gari upande upepo unakotoka, mita 300 kabla ya kufika. Tangi likiwa linawaka, mita 800. Kazi yenu ya kwanza hapo inakuwa kuwatoa wenye ndoo, kwa mdomo wa mwenyekiti wa kijiji na mgambo. King'ora hakitawatoa.

Simu nayo ina utaratibu wake, na mwenye haraka huusahau. Iandike kwenye karatasi, ipige nailoni, ibandike mbele ya kiti cha abiria. Ukipiga usiseme "kuna ajali mbaya, njooni". Sema hivi: "Ni lori la mizigo limepinduka kati ya Mtama na Nyangao, kwenye daraja dogo. Watu kama 20. Wekundu 5, wa njano 6, wa kijani 9. Hakuna moto. Ukitokea Masasi njia iko wazi, ukitokea Mingoyo imezibwa. Nahitaji magari 6 ya kulaza watu na polisi wa kuzuia barabara." Rangi ni za uharaka: mwekundu hawezi kungoja, wa njano anaweza kungoja kidogo, wa kijani anatembea. Nitazieleza hapa chini. Nusu dakika, na anayekusikiliza anajua atoe nini. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Na kabla hujatoka kituoni, jua ni wapi kwenye kipande chako cha barabara mtandao unakata. Pale ndipo utamtuma bodaboda apande mlimani akakupigie.

Sasa kupanga majeruhi. Wenzetu hukuita triaji, neno la Kifaransa lenye maana ya kuchambua. Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, ndiye aliyeshikilia kwamba aliyeumia zaidi ahudumiwe kwanza bila kutazama cheo chake. Lakini ninyi hamhitaji Mfaransa kuwafundisha kuchambua. Kila mkulima wa chama chenu anajua kwamba korosho haziendi mizanini mchanganyiko. Zinachambuliwa, daraja la kwanza huku, la pili kule, na anayechambua hasimami kuishangaa korosho moja. Majeruhi nao ni hivyo: nusu dakika kwa kila mmoja, na unapita.

Njia rahisi ninayoifundisha ni ile inayoitwa START, iliyobuniwa California mwaka 1983. Kwanza unapaza sauti: "Anayeweza kutembea aje hapa kwenye mwembe!" Watakaokuja ni wa kijani, hata kama wanavuja damu kidogo. Kwa sauti moja umeshapunguza kundi, na umepata wasaidizi wa kubeba. Kisha unamwendea wa kwanza aliyelala. Anapumua? Kama hapumui, mfungue njia ya hewa kwa kuinua kidevu. Akianza kupumua ni mwekundu, asipoanza ni mweusi, yaani wa kuachwa kwa sasa, na unaendelea. Akiwa anapumua, hesabu: zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu. Ukihesabu kwa sekunde 15 ukapata 8, tosha. Mapigo ya kifundo cha mkono hayapo, au ukibonyeza ukucha rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2: mwekundu. Mwambie "nibane mkono". Asipoelewa ni mwekundu. Aliyepita yote hayo lakini hawezi kutembea ni wa njano. Tiba unayoruhusiwa kutoa katika mzunguko huu ni mbili tu: kufungua njia ya hewa, na kuzuia damu inayomwagika.

Mtoto ni tofauti kidogo. Asipopumua baada ya kufunguliwa njia ya hewa na bado ana mapigo, mpulizie mara 5 kabla ya kumkatia tamaa, kwa kuwa moyo wa mtoto mara nyingi husimama kwa kukosa hewa, na kuna muda mfupi ambapo bado unarudishika. Upumuaji wake unakuwa na hatari ukiwa chini ya mara 15 au juu ya 45. Baada ya ajali ya basi la wanafunzi Mtwara, Julai 2022, sidhani kuna haja ya kukushawishi uwe na vifaa vya saizi ya mtoto.

Hiyo rangi nyeusi itakuletea ugomvi, nikwambie mapema. Huku kwetu hakuna mzazi atakayekubali umpite mwanawe. Usitetee kanuni mbele ya mtu anayelia. Mpe mtu wa kukaa naye, ustaadhi au katekista au mama mtu mzima wa pale kijijini, na umwambie ukweli kwamba utarudi. Na urudi kweli, kwa sababu upangaji haufanywi mara moja. Wa njano hubadilika kuwa mwekundu ukiwa umempa kisogo.

Kwa rangi zenyewe msinunue kadi za bei mbaya kutoka nje. Chukueni vitambaa vya rangi nne, vikatwe vipande virefu vya kufunga mkononi, 30 kwa kila rangi. Havilowi vikachanika kama karatasi, na hata usiku kwa mwanga wa tochi vinaonekana. Kalamu za wino usiofutika ziwe tano, za kuandika saa kwenye paji la uso au kifuani.

Haya, vifaa. Kanuni yangu ni kwamba vya siku ya watu wengi viwe ndani ya masanduku yanayoshuka garini. Visiwe kwenye makabati ya garini. Kifaa kilichofungwa ukutani mwa gari kinaondoka na gari, na tumeshakubaliana kwamba muuguzi anabaki. Masanduku mawili ya plastiki magumu yenye mifuniko, yale ya kuhifadhia nguo, yanatosha. Kila moja libebwe na mtu mmoja akikimbia. Yajazwe vitu vya bei nafuu kwa watu wengi, msinunue kitu cha bei kubwa kwa mtu mmoja.

Kitu nambari moja ni kuzuia damu, na hapa nitakaa kidogo. Mtu mzima ana kama lita 5. Akipoteza 2 yuko mlangoni. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, safari hiyo ni ya dakika chache tu. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita 1.6, kwa hiyo damu ya ujazo wa chupa moja ya soda ikimwagika, amepoteza zaidi ya moja ya tano ya yote aliyonayo. Kwa hiyo nunueni mikanda ya kubana damu, ile yenye kijiti cha kukazia, isiyopungua 10. Inafungwa juu ya kidonda vidole vitatu au vinne hivi, isikae kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko, inakazwa mpaka damu ikome, na saa inaandikwa. Mkanda haulegezwi njiani "ili mguu upumue". Hilo ni kosa linaloua. Ndani ya saa 2 mguu kwa kawaida hauna shida. Mkiishiwa, mpira wa ndani wa tairi la pikipiki uliokatwa upana wa vidole vitatu, ukafungwa na kuzungushwa kwa kijiti, unasaidia kuliko kitu chembamba. Kamba ya katani na waya ni mwiko, vinakata nyama na damu inaendelea.

Kidonda cha kinena au kwapa hakifungiki mkanda. Hapo unasukumia gozi ndani kwa kidole, tabaka juu ya tabaka, mpaka shimo lijae, kisha unakandamiza kwa uzito wa mwili dakika 10 ukitazama saa. Usichungulie. Kila ukichungulia unaanza upya. Kwa hiyo bendeji pana na gozi ndizo zichukue nafasi kubwa kwenye masanduku. Ukidhani zimetosha, ongeza nusu yake.

Kwenye dozi za wauguzi ongeza tranexamic acid, dawa inayosaidia donge la damu lisiyeyuke. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha inapunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu: gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya saa 3 inaweza kudhuru, ndiyo maana saa iliyoandikwa kifuani si mapambo. Itoe mahali majeruhi waliposubirishwa baada ya kupangwa, siyo wakati wa mzunguko wa kwanza.

Dripu? Najua wananchi wakiona dripu wanatulia, na wauguzi nao wanatulia. Lakini maji ya chumvi hayabebi hewa wala hayagandishi damu. Ukimimina lita tatu unapunguza nguvu ya damu kuganda na kusukuma donge la damu lililokuwa limeanza kuziba. Weka njia kwenye mshipa, mpe kidogokidogo mpaka upate mapigo ya kifundo cha mkono, usimame hapo. Chupa 10 zinatosha kwa mpango huu.

Mfunike. Hata Mtwara, hata Februari, mtu aliyepoteza damu anapoa, na akipoa damu yake haigandi vizuri, anazidi kupoteza. Vitenge 15 vya bei ya chini na maturubai mawili ya kumtenganisha na ardhi vitakupa faida ambayo mashine haitakupa.

Vingine nitavipitia haraka. Ambu mbili, yaani mifuko ya kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, ya mtu mzima na ya mtoto, na mirija ya koo ya saizi zote. Pampu ya kufyonzea ya mkono, isiyotaka umeme. Glovu maboksi manne. Tochi za kichwani nne, betri zikae nje ya tochi zisije zikavuja. Vizibao vinavyong'aa, kimoja kiandikwe mgongoni KIONGOZI kwa herufi za kusomeka mbali. Banzi za maboksi magumu na mbao nyepesi. Mkasi wa kukata nguo. Sepetu, panga, kamba ya kuvutia gari.

Na magunia. Chama cha msingi kinayo. Magunia mawili ya korosho, ukiyakata pembe mbili za chini na kupitisha mianzi miwili imara kuingilia mdomoni kutokea pembeni, ni machela kamili. Gunia lililobeba kilo 80 za korosho msimu mzima halitashindwa na mtu. Tengenezeni 8, yakunjwe, mianzi ifungwe juu ya gari. Jaribuni kwa kumbeba mwenyekiti, atafurahi.

Nirudi kwenye vitanda vya ghorofa. Naelewa mantiki yake, lakini tatueni swali hili: mgonjwa wa kitanda cha juu akianza kutapika damu mkiwa kwenye kona, utamgeuzaje ubavu ilhali pua yake iko kwenye dari? Hardtop iko juu tayari. Ukiweka watu wanne na chuma chao, uzito unapanda na gari linayumba kwenye kona kama dau lisilo na shehena chini. Na chuma alichochomelea fundi wa mtaani kikiachia breki ya ghafla inapopigwa, ajali inakuwa mbili. Lililopo linabeba kwa usalama mwekundu mmoja kwenye machela, wa njano mmoja amelazwa kwenye benchi la ubavuni na kufungwa mikanda, na wa kijani kiti cha mbele. Fedha za fundi zitumike kuweka mikanda imara kwenye hilo benchi, ndoano za dripu, na taa nzuri ya ndani. Na kwa kuwa ni gari la serikali, hata hilo dogo lipitie TEMESA, wakala wa serikali wa kutengeneza magari yake, lisipitie gereji ya jirani.

Ubao mgumu wa mgongo muwe nao mmoja, wa kumtolea mtu kwenye mabaki. Msimsafirishe juu yake. Kutoka Masasi mpaka Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, kwa njia ya Mingoyo ni karibu kilomita 200, mtu akilala juu ya ubao muda wote huo atafika na vidonda vipya. Akishatoka, mhamishieni kwenye godoro, kichwa kizuiwe pande zote mbili.

Mashine ya kushtua moyo. Mwambie mwenyekiti ni kifaa kizuri, na kwa mgonjwa wa moyo aliyeanguka sokoni kinaweza kuokoa. Kinarekebisha umeme wa moyo uliovurugika. Moyo wa aliyepinduka na lori umesimama kwa sababu nyingine: hauna damu ya kusukuma. Watu wa Newala wataelewa upesi, pampu isiyo na maji hata ukibadilisha nyaya zake zote haitoi kitu. Kwa milioni 12 itameza fungu kubwa mno. Isubiri mchango wa pili.

Oksijeni muwe nayo, ila pigeni hesabu. Mtungi wenye ujazo wa lita 10 za maji uliojazwa mpaka bar 150 una lita 1,500 za gesi. Mgonjwa mmoja kwenye barakoa ya lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 150, wawili kwa 75. Hautoshi eneo la ajali lenye watu 20, kwa hiyo ukae garini kwa ajili ya wekundu walio njiani. Majeruhi wengi hawaihitaji kuliko wanavyohitaji kidonda kukandamizwa.

Sasa kama gari lenu linabeba watatu, hao wengine wanapandishwa nini? Wanapanda kilekile ambacho wangepanda hata bila ninyi: Fuso, kirikuu, Noah, bajaji. Nairobi, Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, majeruhi kwa maelfu walifikishwa hospitali kwa matatu na magari ya watu binafsi. Hakuna mji wenye ambulensi za kutosha siku kama hiyo. Kosa ni kuwaachia magari hayo yaende yanakotaka, kwa maana yote yataenda hospitali moja iliyo karibu, tena yakitangulia na wa kijani, na wekundu wakifika wanakuta vitanda vimejaa watu wenye michubuko. Ajali inakuwa imehamia hospitali.

Kwa hiyo andaeni orodha ya madereva leo. Njia ya mkato: mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, una madereva wa jamii walioandikishwa. Mnawafahamu, wanawafahamu. Malipo yale ni ya akina mama tu, msiyaguse. Tengeni kwenye mchango wenu fungu dogo la dizeli kwa siku ya maafa, likae kwenye kituo cha mafuta kwa maandishi. Na siku yenyewe mtu wenu mmoja, hata karani wa chama cha msingi mwenye mwandiko mzuri, asimame kwenye mlango wa kutokea na daftari: nani, rangi gani, gari gani, limeelekezwa wapi. Kwenye barabara yenu mna bahati kuliko wengi, kuna hospitali ya Nyangao na ya Ndanda, kisha Masasi upande mmoja na Sokoine ya Lindi upande mwingine. Gawanyeni. Ila kila mwezi ulizeni swali moja kwa kila hospitali: usiku huu, nani anaweza kufungua tumbo, na benki ya damu ina chupa ngapi? Hospitali kubwa isiyo na mpasuaji usiku huo iko mbali kuliko ndogo yenye naye.

Barabara nayo ina siku zake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na wagonjwa wa rufaa wa kwenda Muhimbili wakawa hawana njia ya gari. Ulizeni mapema kwa Mganga Mkuu wa Mkoa utaratibu wa ndege Mtwara, na mpango wenu wa kwanza uishie Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, usitegemee Dar.

Hayo unaweza kuyaanza mwenyewe. Yako ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kukaza mkanda wa damu na kupanga majeruhi kwa nusu dakika havijifunzwi kwa kusoma. Ombeni mafunzo ya vitendo kupitia ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa wataalamu wa idara ya dharura Ligula au Sokoine, na Chama cha Msalaba Mwekundu kwa vijana wa bodaboda. Kumkata mtu kwenye vyuma vilivyombana ni kazi ya Zimamoto, msijaribu kwa nondo. Na mpango wote upelekwe kwenye kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, iliyo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, kwa sababu siku ya ajali wewe muuguzi huwezi kumwamuru mwenye Fuso, wao wanaweza.

Kabla ya mafunzo, fanyeni zoezi la bure. Chora barabara kwenye mchanga nyuma ya kituo. Vizibo vya soda 20 ndio majeruhi, chini ya kila kimoja karatasi yenye hali yake. Viberiti ndio magari. Mpe dereva wako kofia ya kiongozi, shika saa, mwambie aanze. Mara ya kwanza atapakia vizibo viwili kwenye kiberiti na kukimbia, utaona.

La mwisho ni dogo ila ndilo limeharibu masanduku mengi niliyoyaona. Dawa zisikae garini, gari lililopigwa na jua la mchana linapita nyuzi 50 na tranexamic inataka chini ya 30. Ziwe kwenye kimfuko kimoja chumba cha dawa, kimetundikwa kwenye msumari wa mlangoni, anayetoka anakinyakua. Masanduku yafungwe kwa lakiri ya plastiki yenye namba, yafunguliwe tarehe 1 ya kila mwezi na kuhesabiwa. La sivyo leba wataazima glovu usiku mmoja, kwa nia njema kabisa, na hawatarudisha. Ufunguo wa chumba cha masanduku usikae kwa mganga mfawidhi anayelala Masasi. Ukae kwa mlinzi.